Mto wa Mbu na Ziwa Manyara: mwongozo kamili wa kukaa siku tatu badala ya kupita njia

Mabasi ya Karatu na karibu magari yote ya watalii yanayokwenda Ngorongoro na Serengeti kutoka Arusha hupita katikati ya Mto wa Mbu. Wengi husimama dakika kumi, wakanunua ndizi nyekundu na vinyago viwili, kisha wakaupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Ni hasara, kwa sababu hapa mkulima na tembo wanaishi kwa maji yale yale. Maji yanayobubujika na kuteremka kutoka kwenye ukuta huo ndiyo yaliyowaita watu wa makabila chungu nzima waje kulima, na ndiyo yanayootesha msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Ushauri wetu ni mmoja: anza na mifereji ya mji, hifadhi ifuate. Ukigeuza mpangilio, mji utauona umepooza na hutaelewa ule msitu unakunywa wapi.

Mji ulivyokaa

Mto wa Mbu upo wilaya ya Monduli, kaskazini mwa Ziwa Manyara, kwenye mwinuko wa mita 950 hivi. Barabara kuu ya lami inaukata mji kutoka mashariki kwenda magharibi. Soko, stendi, nyumba za wageni na maduka ya vinyago yote yako kando ya barabara hiyo. Ukitoka Arusha, utaupita mji wote kabla ya kuona lango la hifadhi mkono wa kushoto, pale barabara inapojiandaa kupanda mlima. Nyuma ya soko ndiko yanakoanzia mashamba ya migomba, na baada ya migomba kuna majaruba ya mpunga.

Kabla ya miaka ya 1950 wakazi walikuwa wachache, na nyika ilikuwa ya mifugo ya Wamaasai. Umwagiliaji ulipoanzishwa miaka hiyo, wakulima wakaanza kuingia: Wachaga na migomba yao, Wairaqw kutoka juu ya mlima, Warangi kutoka Kondoa, Wambugwe kutoka upande wa pili wa ziwa, Waha kutoka Kigoma waliokuja na mbegu za michikichi, Wamakonde na patasi zao. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya 1970 vikaongeza wengine. Leo wenyeji hujisifu kwamba makabila 120 ya Tanzania yote yana mtu hapa. Hesabu hiyo usiishikilie sana, ila ukikaa sokoni nusu saa utaelewa inakotoka. Lugha ya wote ni Kiswahili, kwa hiyo wewe msomaji una faida ambayo mtalii wa Ulaya hana: mzee anayepalilia jaruba atakusimulia mwenyewe babake alitokea wapi, bila mkalimani. Anza na shikamoo, uliza habari za shamba kabla ya kuuliza habari za kabila.

Wakati wa kwenda

Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Barabara za hifadhini ni kavu, wanyama huonekana kwa urahisi, asubuhi kuna baridi kidogo, lakini vumbi ni jingi na magari ya watalii ni mengi. Machi hadi Mei ni masika: mashamba yamekolea kijani, vyumba vinapungua bei, na kwa mapatano kidogo unapata hata zaidi. Tatizo la masika ni korongo. Mvua kubwa ikinyesha juu ya ukuta, maji hushuka kwa kasi na matope na mawe, na mito inayokatiza barabara za hifadhi haipitiki kwa saa kadhaa. Mvua ya vuli, Novemba na Desemba, huwa nyepesi zaidi na ndege wahamiaji wanakuwa wameshafika. Kama unataka kuona mpunga na wanyama pamoja, Juni ni mwezi mzuri: ardhi imeanza kukauka, na majani bado hayajageuka kahawia.

Kufika

Arusha hadi Makuyuni ni kama kilomita 80 kwenye barabara ya Dodoma. Makuyuni unaiacha barabara kuu na kukata kulia, kisha kilomita 37 hivi hadi mjini. Gari dogo la kawaida linafika bila shida. Kwa usafiri wa umma, panda basi au Coaster ya Karatu, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mto wa Mbu, na ulipe nauli ya hapo. Ukikaa kimya utatozwa ya Karatu. Tenga saa mbili na nusu hadi tatu, maana gari husimama kila penye abiria. Anayetoka Babati au Dodoma ashukie Makuyuni na kuunganisha pale pale njia panda.

Wa kutoka Kenya hupitia Namanga. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kwani kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuhusu gari lako, lisome hili kwa makini: hifadhi za Tanzania hutoza gari lenye namba za nje ada kubwa kuliko lenye namba za Tanzania, na tofauti si ya mchezo. Mkiwa watu wanne, mara nyingi ni nafuu kuliegesha mlipolala na kukodi la wenyeji kwa siku ya hifadhi.

Kulala, na habari ya mbu

Kuna ngazi tatu. Nyumba za wageni za mjini ni rahisi na ziko karibu na chakula, ila zile zinazotazamana na barabara kuu hupigiwa honi za malori usiku kucha, kwa hiyo omba chumba cha nyuma. Kambi na hoteli ndogo za pembeni mwa mji zina bustani, na nyingi hukubali wenye hema. Hoteli za juu ya ukuta zina mandhari ya ziwa zima, na bei inapanda pamoja na mlima. Kwa mpango wa siku tatu tunapendekeza pembeni mwa mji: unatembea kwa miguu hadi sokoni, na lango la hifadhi ni dakika chache kwa gari.

Chandarua kikague kabla ya kulipa. Kitandaze, tazama matundu kwenye kona na pale kinapofungwa juu, hakikisha kinafika chini ya godoro kote. Mara nyingi kasoro yake ni kuwa kidogo kuliko kitanda, hivyo ukigeuka usiku mkono unagusa wavu na mbu anakuuma kwa nje. Mashamba ya mpunga ni maji yaliyotuama, na malaria ipo. Saa 12 jioni vaa mikono mirefu na soksi, jipake dawa. Anayetoka sehemu isiyo na malaria, ikiwemo Nairobi, amwone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, kapime siku hiyo hiyo na useme ulikuwa wapi.

Siku ya kwanza: fuata mfereji

Utalii wa kiutamaduni ulianza hapa miaka ya 1990, na waongozaji wenye vitambulisho wana ofisi kando ya barabara kuu. Utakutana pia na vijana wa stendi wanaojitolea kukuongoza. Wengine ni wazuri, lakini hawana makubaliano na kaya mtakazotembelea, na hapo ndipo ugomvi wa malipo unapozuka uani kwa watu. Kabla hamjaondoka, patana mambo manne: bei ni ya kichwa au ya kundi, baiskeli imo au haimo, mchango wa kijiji umo au haumo, na kuonja pombe au chakula ni kwa nani. Omba risiti. Ukiambiwa "tutaongea mbele ya safari", tafuta mwingine.

Baiskeli ndiyo njia bora, kwani ardhi ni tambarare. Ijaribu kwanza: breki zote mbili, kiti kisichozunguka, na matairi yenye upepo wa kutosha. Uliza kama mwongozaji ana pampu na viraka. Upande wa nyika, miiba ya migunga hutoboa tairi kama sindano, na ukipata pancha huko bila pampu utaisukuma baiskeli hadi mjini. Ondokeni saa 2 asubuhi, mrudi kabla ya saa 6, jua halijawa kali. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu inatosha.

Njia nzuri ni kutoka sokoni kuingia Migombani, kufuata mfereji mkuu kuelekea chini ya ukuta hadi Miwaleni, ambako maji hutoka na mafunjo yamejaa, kisha kurudi kwa kuzunguka majaruba. Kilima cha Balaa kikiwa njiani, panda. Juu yake utaona mashamba, ziwa na ukuta vyote kwa pamoja.

Kwenye majaruba kuna adabu yake. Maji hugawiwa kwa zamu, na kila jaruba limezungukwa na kingo za udongo ambazo mkulima huzikandika kwa matope kwa jembe. Kingo mpya hung'aa, na ukiikanyaga inamomonyoka. Tundu la ukubwa wa kiatu tu linatosha kumwaga maji ya zamu ya mtu kwenye shamba la jirani, na kuyapata tena itabidi angoje zamu nyingine. Pita kwenye kingo pana zilizokwisha kauka na kuota majani, vuka mifereji palipo na gogo au kalavati, na baiskeli iache njiani. Usiingie majini pekupeku hata kama watoto wanaogelea: konokono wa kichocho hupenda maji ya namna hiyo, yanayokwenda polepole kati ya majani.

Kwenye migomba, omba uoneshwe pombe ya ndizi inavyopikwa, si kuonjeshwa tu. Mbege ya Kichaga huanza na ndizi mbivu zinazochemshwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu na laini, zikaachwa siku kadhaa, kisha zikachujwa. Pembeni ulezi umelowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Unga wa kimea hicho hupikwa uji, ukipoa unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake pombe iko tayari. Siku ya kwanza ina utamu. Baada ya siku mbili hivi inachachuka, na hapo wazee ndipo wanapoipenda. Povu lenye punje za ulezi juu si uchafu, ndivyo ilivyo. Chombo huzungushwa kwa wote. Kama hupendi kuchangia, omba kikombe chako mapema kwa heshima, siyo baada ya kukipokea kibuyu. Usiinywe na njaa halafu upande baiskeli.

Kwa kaya za Kigoma tazama mawese yanavyokamuliwa: ngazi, yaani matunda ya mchikichi, huchemshwa, hutwangwa, mafuta mekundu huenguliwa juu. Kwa Warangi kuna mikeka na vikapu vya mafunjo. Wamakonde utawakuta mabandani kando ya barabara wakichonga, na inafaa kumaliza hapo kwa sababu wengi hununua vibaya. Mpingo wa kweli ni mzito kuliko unavyotarajia, na ukiuweka majini unazama. Sehemu ya nje ya mti ni nyeupe ya manjano, hivyo kinyago chenye ukanda mweupe ubavuni mara nyingi ni halali. Mti mwingine uliopakwa kiwi nyeusi hujulikana chini ya kitako: sugua kwa kidole chenye unyevu, ukichafuka umejua. Kagua pia nyufa ndogo kwenye ncha za mbao, maana mpingo mbichi hupasuka ukifika sehemu kavu. Unga mpya mweupe kwenye vitundu ni dalili ya wadudu. Bei ya kwanza kutajwa ni ya watalii. Patana ukicheka, na ukishataja bei yako ikakubaliwa, nunua.

Chakula cha mchana: wali wa mpunga wa hapa kwa samaki wa ziwani, perege au kambale, au mtori kwa mama lishe wa karibu na soko. Fika kabla ya saa 8, baada ya hapo utakula mabaki.

Picha piga kwa ruhusa. Mfugaji wa Kimaasai aliye njiani na ng'ombe wake yuko kazini, na kamera ikielekezwa kwake bila salamu utaitwa, na haki ni yake.

Siku ya pili: hifadhi

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1960. Ni ukanda mwembamba kati ya ukuta na ziwa, na Msitu wa Marang' ulio juu uliongezwa baadaye. Wembamba huo una faida: barabara kuu ni moja yenye vipande vya pembeni, ni vigumu kupotea, na siku moja inatosha. Upande mbaya ni kwamba magari yakijaa yanajaa kweli.

Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu langoni. Ni kwa kadi ya benki au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo unayolipia kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisha simu ina salio la kutosha tangu usiku, maana mtandao wa asubuhi haukuahidi kitu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chao kwa shilingi, ila kitambulisho au pasipoti lazima ionekane. Nakala kwenye simu inaweza kukataliwa. Uliza kibali chako kinaisha saa ngapi, kiandike. Ukichelewa kutoka utalipia upya.

Fika langoni saa 12 asubuhi. Magari yanayoshuka kutoka Karatu huanza kumiminika saa 3, kwa hiyo una saa tatu za utulivu. Kilomita za kwanza ni msitu mnene wa mikuyu na miti mirefu, na hauishi kwa mvua: maji hupenya kwenye miamba ya volkano juu, yakatokeza chini ya ukuta. Ndiyo jamaa ya maji uliyoyafuata jana. Nenda mwendo wa baiskeli, vioo nusu. Hapa ndipo makundi makubwa ya nyani, kima wa buluu na tembo wasioogopa gari. Nyani hujua milango na huipenda ndizi ya mjini: chakula kiwe kwenye mfuko uliofungwa, vioo juu mkisimama. Tembo akikunjua masikio na kutikisa kichwa, zima mazungumzo, rudi nyuma taratibu, usipige honi.

Msituni pia kuna daraja la kamba la kutembelea juu ya miti, mita 370 hivi kwa urefu, na ada yake ni ya ziada. Lichukue asubuhi. Mwenye kuogopa kimo ajue kwamba linayumba, na kwamba kurudi nyuma katikati huku watu wako nyuma yako ni kazi.

Baada ya msitu kuna migunga na uwanda hadi ziwani: pundamilia, nyumbu, twiga, viboko. Simba wapandao miti ndio walioipa hifadhi sifa, na ndio wanaowavunja watu moyo. Hifadhi nyingine zinao pia, na hapa si kila siku wanaonekana. Dereva akikuahidi, anauza. Ukitaka kuwatafuta, acha kutazama majani ya ardhini. Fuata matawi mazito yaliyolala sambamba na ardhi, tafuta mkia unaoning'inia, hasa joto linapopanda.

Heroe, yaani flamingo, hutegemea maji. Ziwa halina pa kutokea, na kina chake hupanda na kushuka sana. Likijaa, magadi hupungua ukali, mwani unaoliwa na heroe wadogo unakuwa haba, nao huhamia maziwa mengine kama Natron. Kwa hiyo usiulize "ni mwezi gani wapo", uliza dereva maji yako wapi wiki hii. Maji yakiwa juu hata baadhi ya barabara za ufukweni hufungwa. Zisipofungwa, usishawishike kukaribia ukingo: juu ni ukoko mweupe, chini ni tope, na gari hunasa hadi ekseli.

Wenye muda waendelee kusini hadi chemchemi za Maji Moto, Ndogo kwanza, halafu Kubwa, takribani kilomita 40 kutoka langoni. Usiweke mkono kujaribu, yanachoma. Magari mengi hugeuza kabla ya hapo, na huko kusini ndiko penye ukimya. Beba chakula cha mchana, kwani kula kunaruhusiwa sehemu za kupumzikia tu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, tumia ya kitambaa. Geuza saa 8 mchana uwe langoni bila haraka.

Jioni ukirudi mjini, usitembee kwa miguu mashambani giza likishaingia. Tembo hutoka hifadhini usiku kufuata migomba na mahindi, na kelele za madebe utakazozisikia ni za wakulima wakiwafukuza.

Siku ya tatu

Kuna njia mbili. Rahisi ni kupanda ukuta hadi sehemu ya kusimama magari juu, kutazama ziwa, kisha kuendelea Karatu, kama kilomita 30 kutoka mjini. Kwa bodaboda inawezekana, ila sisitiza kofia ngumu mbili na kuteremka kwa gia, maana breki huchemka kwenye kona.

Njia ya pili ni Engaruka, karibu kilomita 60 kaskazini kwenye barabara ya Ziwa Natron, na kwa aliyetembea mifereji jana hii ndiyo yetu. Chini ya ukuta ule ule kuna magofu ya wakulima walioishi kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi: matuta ya mawe, misingi ya nyumba na mifereji iliyomwagilia karibu kilomita 20 za mraba, kisha wakaondoka. Bila mwongozaji wa pale pale utaona mawe tu. Tumia gari lililoinuka, jaza mafuta Mto wa Mbu, uliza hali ya makorongo asubuhi hiyo, na tunza kila risiti ya ushuru wa halmashauri, maana kizuizi cha mbele kitaidai. Hakuna kivuli, kofia ni lazima.

Kununua na kurudi

Mchele nunua kwa kilo zilizopimwa mbele yako, siyo kwa sado, yaani kopo la kukadiria. Uliza ni mpya au wa mwaka jana: mpya unanukia lakini unahitaji maji pungufu, la sivyo utapata bokoboko. Ndizi nyekundu zinazofaa kuliwa leo zinabonyea kidogo na rangi imefifia kuelekea chungwa. Zikiwa ngumu zina utomvu unaokausha mdomo. Za kusafiri nazo chukua ngumu, usiziweke buti la gari lenye joto, ziwekee gazeti katikati. Mabasi ya kurudi Arusha hutokea Karatu, na mchana huwa yamejaa. Kaa kituoni mapema asubuhi ukitaka kiti, na mzigo wa mchele mpatanie konda kabla haujapanda juu ya basi.